Risasi Tatu Zilizogongwa

Mafuta yale ya bunduki yalinuka kama samaki aliyesahaulika juani, na kwa siku tatu yaliitawala nyumba yetu ya Ndandalo, Kyela, hata ndizi alizopika mama zikawa na ladha yake. Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga, enzi za Wajerumani, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Baba yangu, Ambakisye, alikuwa mhunzi aliyejifunzia kazi misheni. Alitengeneza bawaba, makufuli, na bunduki za watu wa serikali. Mama alikuwa wa kabila la Wakisi, upande wa Ikombe kando ya ziwa, mfinyanzi, na alinifundisha mapema kupapasa chungu kwa ncha ya kidole ili nigundue ufa kabla hakijapelekwa sokoni. Macho ya baba yalikuwa yameharibiwa na moto wa tanuri, kwa hiyo kila palipohitajika kutafuta alama ndogo kwenye chuma, aliniita mimi.

Bastola ilikuwa ya akida wetu. Mjumbe wake aliileta imeviringishwa kitambaa cheupe, akasema imekuja kwa meli juzijuzi, mpya kabisa, na bwana wake anataka ikaguliwe isije ikawa na kasoro. Baba aliifungua, akatoa risasi sita, akaniwekea vyote kwenye mkeka. “Tupokigwe, sema unachokiona.” Niliona mstari mwembamba ulioizunguka silinda, mahali rangi nyeusi ilipokwanguka. Baba akasema huo hauna neno, chuma kipya nacho hujichora kikizungushwa. Nilichungulia mtutu, ulikuwa safi, hauna masizi. Nikazishika risasi. Zilikuwa za aina ile ambayo nyundo huigonga ukingoni mwa kitako, wala si katikati. Tatu zilikuwa na kibonyeo ukingoni, kidogo kama alama ya ukucha.

“Tata,” nikamwambia baba, “hizi zimegongwa.”

Baba alizipapasa moja moja, kisha akaigusa nyundo ya bastola. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba pua ya nyundo ni fupi, inagonga kwa udhaifu na baruti haishiki. Kuirefusha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. “Lakini mtu hafyatui mara tatu kwa kujaribu tu,” akasema. “Alikuwa amelenga kitu.”

Siku ya tatu akida alikuja mwenyewe, jasho linamtiririka, akaketi kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa. Baba alimwonyesha vile vibonyeo. Nilidhani ataona haya. Alicheka mpaka tumbo likatikisika.

“Nilimjaribia yule kikongwe wa Ngonga, Mwaipopo,” alisema. “Aliitwa kubeba mizigo, akasema mguu umevimba. Nikamwekea hii kwenye paji la uso. Tak, tak, tak! Mzee akajikojolea mbele ya wajukuu zake.” Akajifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa kilekile cheupe. “Haya, fundi, itengeneze. Nina kazi ya kumalizia kwa yule mzee.”

Mzee Mwaipopo nilimjua. Kila alipopita kwetu alimsalimu mama kwa kupiga magoti, ingawa mama alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Nilizitazama risasi mikononi mwangu nikatamani kuisugua mikono hiyo kwa mchanga mpaka ngozi initoke.

“Chuma hiki kibovu, bwana,” baba akasema taratibu. “Nikiigonga nyundo, itakatika. Siku nyingine bastola inaweza kupasukia mkononi mwako.”

Akida akanigeukia. “Wewe, mtoto wa misheni. Watoto wa misheni hawasemi uongo. Baba yako anasema kweli?”

Sikuwahi kusema uongo mzito. Nilimtazama baba, alikuwa ameinamisha uso, hakunisaidia hata kwa kope.

“Ina ufa, bwana,” nikasema. “Nimeusikia kwa kidole. Vyungu vya mama vikiwa hivyo, tunavivunja.”

Akida aliipokea bastola kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya mfu. Aliirudisha kwa meli, na kabla haijarejea vita vilifika ziwani, naye akatoroka na wakubwa zake Wajerumani. Mzee Mwaipopo alikufa kwa uzee, kitandani mwake. Lakini mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na baba hakumpisha. Wiki moja tu baada ya siku ile ya bastola, akida akiwa bado na nguvu zake, aliitwa barazani kwa kosa la kuchelewa kusalimu, akachapwa viboko kumi na tano, kisha akalazimishwa kusema asante. Alisema “Ndaga” kwa Kinyakyusa, na akida akamtaka arudie kwa sauti. Kile ndicho ninachokichukia mpaka leo kuliko damu: kurudia asante.

Sasa nimezeeka, na Kyela ina mahakama. Mwaka jana karani mmoja wa soko alimpiga kofi mjukuu wangu, mjukuu akamshtaki. Majirani walicheka, wakasema kofi tu hilo, halina haja ya hakimu. Mimi nilikwenda mahakamani mapema asubuhi, nikakaa benchi la mbele. Karani aliposimama na kuanza kusema kwa mnong’ono, hakimu alimwambia apaze sauti, naye akaeleza, neno kwa neno, alichokifanya kwa mkono wake.