Ekseli ya pedeli ilivyonikatikia njia ya Quionga nikiwa na maiti ya kaka yangu

Wakuu, salama?

Aliyekuja kutafuta chai apite uzi mwingine. Haya yamenipata mwenyewe, na ndugu zangu wapo hai wa kunisuta nikiongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Quionga, kaskazini ya Palma. Kiswahili chetu kina Kireno ndani yake, mtanivumilia.

Nauza samaki wakavu. Nanunua pwani, nafunga kwenye keria ya baiskeli, naenda kuuza bara, Pundanhar. Aliyeipita ile njia anaijua. Mchanga, mawe, mashimo, halafu mchanga tena. Ukirudi kwetu unavuka kijito cha mikoko, maji ya chumvi yanafika kwenye pedeli.

Na huku kwetu nazi ndiyo kila kitu. Mchuzi nazi, nywele nazi, mgongo ukiuma nazi. Basi na baiskeli nazi! Mtu akisikia chuma kinalia anamimina mafuta ya nazi, mlio unakata, anamshukuru Mungu. Grisi ipo Palma, lakini nani anunue grisi na minazi iko uani?

Niliporudi safari moja ya Pundanhar nikaanza kusikia "ko" kila mguu wa kulia unaposhuka.

Nikasema pedeli. Nikabadilisha pedeli. "Ko."

Nikasema cheni. Nikaikaza cheni. "Ko."

Nikamimina mafuta ya nazi pale kati, kwenye ekseli inayobeba kranki zote mbili, ile mikono ya pedeli. Kimya. Nikajiona fundi.

Siku chache baadaye kaka yangu Bakari, aliyekuwa amelazwa Palma kwa tumbo, akafariki alfajiri. Nilikuwa naye mimi na shemeji, mume wa dada yetu. Nikampigia mama Quionga. Hakulia kwenye simu. Alisema tu: "Mleteni mwanangu. Msimfukie sijamwona uso."

Mama miguu imekwisha, hatoki kijijini. Kama ni kuonana, ilikuwa lazima kaka aende kwake.

Mtauliza gari. Chapa, yaani daladala zetu, hazibebi maiti, na tangu vita vianze njia ile zinapita zikitaka. Pikipiki zilikuwepo, petroli hakuna. Msishangae, huku kumrudisha maiti kwao kwa baiskeli si jambo geni. Tulimwosha, tukamkafini, tukamviringisha mkekani, tukamlaza juu ya ubao kwenye keria na kumkaza kwa mipira ya tyubu.

Shemeji akatangulia na baiskeli yake ili kaburi lichimbwe. Mimi nikabaki na mzigo. Nilitaka nimbebe mwenyewe, ni kaka yangu.

Kwa mwendo wa kawaida ningefika alasiri.

Katikati ya njia, kwenye mchanga, nikasimama juu ya pedeli nipate nguvu. Nikasikia chuma kinavunjika, na kranki ya kulia ikaenda chini na mguu wangu. Ekseli imekatika. Nikachungulia mle ndani: gololi zimesagika, zilizobaki zina kutu, na mafuta yangu ya nazi yamechanganyika na mchanga na chumvi, uji mtupu. Kumbe muda wote nilikuwa naisaga ekseli na kuita matengenezo.

Nikaanza kusukuma. Kusukuma baiskeli tupu kwenye mchanga ni adhabu. Yenye ndugu yako juu yake, siwezi kueleza. Iliniangukia, nikamnyanyua, nikafunga upya, ikaniangukia tena. Nililia barabarani kama mtoto. Simu haikuwa na mtandao.

Nilifika kwenye kizuizi cha askari jua limeshazama. Soldado mmoja, Mmakonde wa bara anayejua Kiswahili, akanizuia.

"Mano," akaniita ndugu, "saa hizi hapiti mtu."

"Nina maiti."

"Naiona. Hata na maiti hupiti. Wakikufyatulia huko mbele, kwenu watazika wawili."

Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia.

Watu wa kijiji cha pale wakasema maiti halazwi njiani, na kwa joto lile hata mimi nilijua. Mwalimu wao wa madrasa akatuswalisha. Kaka akazikwa na watu nisiowajua hata mmoja, na wanawake wao wakamlilia kama wa kwao. Mungu awalipe.

Asubuhi nikaingia Quionga na mkeka mtupu.

Kaburi lilikuwa limekaa wazi tangu jana. Kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi bila kitu, litaita mwingine. Wazee wakakata mgomba, wakauzika. Mama alikaa pembeni, anatazama mgomba unavyoteremshwa.

Sasa nisikilizeni, maana wengi humu mnapita njia mbovu na mizigo.

Mlio unaokuja kila pedeli inapozunguka usiukisie. Shusha cheni. Shika kranki zote mbili, sukuma kulia na kushoto. Ikicheza moja peke yake, kagua pini inayoishikilia kwenye ekseli. Zikicheza zote pamoja, ekseli au vikombe vyake vya gololi vimekwisha. Halafu zungusha kwa mkono, kidole kikiwa kwenye fremu. Ukihisi inakwaruza, fungua siku hiyo hiyo, osha kwa mafuta ya taa, badilisha gololi, tia grisi. Na ukimimina kitu mlio ukakata, hujatengeneza, umeuziba mdomo tu.

Mimi kile kimya kilinidanganya, na nina hasira nacho mpaka leo.

Kila Ijumaa mama anajikokota na fimbo mpaka kwenye lile kaburi, anasoma Yasini, anamwagia maji. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mama, mle mna mgomba."

Akasema, "Najua. Nionyeshe kwingine nitakakofika kwa miguu hii."

Karibuni mseme, wakuu. Ila wale wa mafuta ya nazi waanze kwa kushusha cheni, kisha waje waandike walichokuta.