Siku Nilipomzibia Daraja Mama Mukwe

Mimi huyu mnayenunua kwangu chumvi na sabuni hapa sokoni Kasongo ndiye yule mutu wa darajani, ndiyo, yule yule, sasa chekeni muishe halafu mnyamaze niwaeleze mwenyewe, maana watu wa Wamaza, kule ng'ambo ya mto, wamezidisha (eti nililia, sikulia, yalikuwa maji ya mto).

Chanzo ni yaya Radjabu, kaka yangu mkubwa, mwalimu wa uchumi sekondari. Jumamosi moja tunakula wali akanitajia nadharia ya michezo, nikadhani ni habari za mpira, kumbe ni elimu ya kujiuliza mwenzako anawaza nini kabla hujaamua jambo lako. Akanipa mfano: pikipiki mbili zinakuja uso kwa uso kwenye njia nyembamba, anayekwepa kwanza ameshindwa. "Nani atashinda?" Nikasema mwenye nguvu. "Hapana. Ni yule aliyejifungia njia ya kurudi, na mwenzake akamwona anajifungia."

Neno hilo liliniwasha kichwa siku nzima! Nikalijaribu kwa Asumani, jirani yangu sokoni, ambaye nikishusha bei ya sabuni naye anashusha, tunaumizana bure. Nikachukua rangi ya mafuta, ile isiyofutika, nikaandika kwenye kibanda changu: BEI YA ASUMANI NDIYO BEI YANGU. Akasoma, akakuna kichwa, akaona hata akishusha hanipokonyi mteja, akaacha. Bila ugomvi! Nikajiona mimi ni profesa kabisa.

Basi. Wakati huo nilikuwa nimemposa Mwamini, binti wa Wamaza, na nilimpenda hadi mutu akiomba chumvi nampa sabuni. Baba yake alikwisha kubali. Mama yake bado, alisema anataka kwanza kuniangalia tabia.

Siku ya soko la Wamaza nikapakia pikipiki magunia mawili, nikavaa shati jekundu (la kumpendeza Mwamini, tusidanganyane), nikaondoka mapema. Nafika katikati ya daraja la magogo, na pikipiki nyingine inaingia kutoka ng'ambo, motari na abiria wake, mwanamke aliyejifunika kitenge kichwa kizima kwa sababu ya vumbi. Tukasimama gurudumu kwa gurudumu.

"Rudi nyuma, papa!" motari akasema.

"Rudi weye, mimi niko na mzigo."

"Na mimi niko na mama!"

Nyuma yangu wenye baiskeli walikuwa wanaanza kuingia darajani, lakini nafasi ilikuwepo bado, ningerudi hatua kumi tu yaishe. Hatua kumi! Ila nikajiuliza huyu motari anawaza nini, nikaona anawaza kwamba mimi nitachoka, nikasema haya, leo utaona. Nikazima pikipiki, nikafunga gidoni, usukani usigeuke, nikainua ufunguo juu kila mutu auone, nikautupa mtoni.

"Sasa hata nikitaka siwezi kurudi," nikamwambia, nimejaa tabasamu. "Kazi kwako."

Motari akawageukia watu. "Huyu mutu iko na akili kweli?"

Ndipo yule mama akafunua kitenge. Mama yake Mwamini.

Jamani! Kwetu ukikutana na mama mukwe njiani unaingia majanini, unainamisha kichwa mpaka apite, kumgusa ni aibu ya ukoo mzima, na mimi nimemzibia daraja mbele ya soko zima. Akateremka, akaanza kuja kwa miguu. Nafasi kati ya magunia yangu na ukingo ilikuwa ya mutu mmoja mwembamba, naye si mwembamba. Natazama nyuma, baiskeli zimejaa. Natazama gidoni, imefungwa. Nikaruka mtoni na viatu vyangu.

Maji yalinifika kifuani. "Jambo mama, pardoni mama," nikasema nimeinamisha kichwa huko chini, na juu watu wanacheka hadi wanashikana mabega. Wanaume sita wakabeba pikipiki na magunia hadi nje ya daraja, mama akapita.

Nikamtuma yaya Radjabu na mbuzi kuomba msamaha. Sikulala vizuri siku hizo, nilijua Mwamini amekwisha kwenda. Yaya akarudi na maneno ya mama: "Nilimjua tangu mbali kwa lile shati. Motari alitaka kurudi, mimi nilimshika bega nikamwambia atulie, nione kama huyu anampisha mutu asiyemjua. Binti nitampa, lakini angoje mavuno mawili ya mpunga, ajifunze kurudi nyuma."

Halafu yaya mwenyewe akasema, "Wewe ulikuwa unahesabu mawazo ya dereva." Na mimi mpaka leo najiuliza yule mama alisoma wapi.

Siku hizi nikifika darajani nasimama nje, napisha pikipiki, napisha baiskeli, napisha hata mbuzi, na kabla ya kubishana na mutu natazama kwanza nyuma yake amebeba nani. Juzi, tumeoana hatimaye, nikamuuliza Mwamini: kama siku ile ningerudi zile hatua kumi, mama yako angefanyaje?

"Alikuwa anakuja Kasongo kwenu," akanijibu, "kuwaambia amekubali."