Mbegu Mbili za Tunda Moja

Ndugu msimamizi wa ukurasa, amani ya Bwana iwe nawe na wote watakaosoma. Naomba jina langu ulifiche. Majina niliyoyatumia humu si ya wenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu, mkulima wa migomba na kahawa huku Igurwa, Karagwe, na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu katika nyumba hii hakuna ninayeweza kumwomba aniandikie jambo hili.

Mvua za masika zilipoanza tulimzika Gideoni, niliyesoma naye sekondari ya bweni. Alikuwa mtu wa Nyakatuntu, mwenye sauti nzito ya besi isiyokaa kwenye wimbo, na mzaha usiokwisha. Tulipokuwa kidato cha tatu mama yangu alifariki. Gideoni aliomba ruhusa, akatembea nami kwa miguu hadi nyumbani, akashika jembe kaburini kama mtoto wa pale. Tuliporudi shuleni nilikuwa silali wala sili. Mchana mmoja, wenzetu wakiwa kwenye kazi za mikono, akanivuta katikati ya mibuni ya shule, akachuma tunda moja la kahawa, akalipasua. Ninyi mnaoijua kahawa mnafahamu kwamba ndani ya tunda moja mna mbegu mbili zilizolala zikitazamana.

"Nusu ya mama yangu ni yako kuanzia leo," akasema, akatoa wembe.

Nikamwambia desturi inataka mashahidi. Akaelekeza kidole juu mbinguni. "Shahidi Huyo hapo, mlokole wewe! Au humwamini?"

Tukachanja ngozi karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka mbegu yake damu, na mwenzake akaimeza. Kwetu Wanyambo, waliomeza kahawa hiyo ni ndugu wa damu. Mtoto wa huyu ni mtoto wa yule, na wazao wao hawaoani, kama wasivyooana watu wa ukoo mmoja; wakioana, wazee husema, maradhi huwaandama watoto wao. Hatukumwambia mtu, maana shule ilikuwa ya misheni na tungefukuzwa. Miaka ikapita, kila mmoja akaoa na kuzeeka, na siri ikabaki kwetu wawili. Watu walimsikia tu akiniita munywani, yaani rafiki.

Siku ya mazishi mjukuu wangu Koku alinisindikiza, kwa kuwa magoti yangu hayaaminiki. Nikamwacha na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Hapo ndipo alipokutana na mjukuu wa Gideoni, kijana mpole anayefanya biashara Murongo, mpakani. Mimi nilikuwa nikimwaga udongo juu ya ndugu yangu, na nyuma yangu damu zetu zilikuwa zinasalimiana.

Kijana na wazee wake walipokuja kujitambulisha, nyumba zote mbili zilishangilia. Mwanangu alisema, "Baba, Mzee Gideoni angekuwepo angecheza. Marafiki sasa wanakuwa wakwe!" Koku akanikalia karibu. "Babu, mbona umenuna? Unaona wivu mkeo anachukuliwa?"

Nikamjibu kama babu anavyomjibu mjukuu, "Nataka mbuzi wangu kwanza, tena mnono." Akacheka mpaka machozi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajificha kwenye migomba.

Jumapili matangazo ya ndoa yaliposomwa mara ya kwanza, mchungaji alisema kama kawaida, "Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme." Nilikuwa nimeketi benchi la wazee, mbele kabisa. Kinywani mwangu ikaja ladha ya kahawa mbichi, na katika wimbo uliofuata nikasikia besi isiyokaa kwenye wimbo, nyuma ya bega langu. Sikugeuka. Tangu siku ile huisikia kila tuimbapo.

Juma lililofuata nilipanda bodaboda hadi Nyakatuntu. Nikasimama kaburini ndani ya migomba, nikamwambia Gideoni anifungue, maana kiapo cha wawili hakifunguliwi na mmoja. Mjane wake akatokea.

"Shemeji, unaongea na nani?"

"Ninasali," nikasema.

Akanikaribisha ndani, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote anavyopewa. Nikazishika mbegu mkononi, nikashindwa kuzipeleka kinywani.

"Tangu lini unakataa kahawa nyumbani kwa munywani wako?" akauliza. Kisha akakiweka kikapu chini. "Siku zake za mwisho aliniagiza nikuambie kwamba hajasahau. Nilidhani ni mambo yenu ya shule."

Hajasahau. Alisema hayo kabla vijana hawajajuana. Je, lilikuwa neno la upendo, au ni onyo? Nimeligeuza neno hilo hadi limenichubua.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa kipaimara kwamba damu ya Kristo ilimaliza viapo vyote vya damu. Ninaamini hivyo, na nitakufa nikiamini. Lakini Shahidi tuliyemwita siku ile ni Yeye huyohuyo. Nikisema, koo zote mbili zitaivunja ndoa hii, na Koku atajua kwamba babu yake ndiye aliyemvunjia. Nikinyamaza, kila mtoto wao atakapougua nitasikia besi ile, wala sitakuwa na wa kumwambia.

Matangazo yameshasomwa mara mbili, na Jumapili ijayo ni ya mwisho. Koku ameomba siku ya harusi mimi ndimi niwaombee baraka. Zile mbegu za kahawa alizonipa mjane bado zimo katika mfuko wa koti langu la kanisani. Sijazitafuna wala sijaweza kuzitupa. Ndugu zangu, wenye hofu ya Mungu na wenye kujua mila, nishaurini: mchungaji atakapouliza, nisimame, au nibaki nimeketi?