King'ora cha Saa Kumi na Moja

Nikinusa mafuta ya taa hadi leo, hasira hunipanda. Mwaka ule wa miaka ya hamsini nyumba yetu ya Mwabungo ilinuka mafuta hayo kuanzia sebuleni hadi kwenye mito ya kulalia. Baba yangu, fundi baiskeli, alikuwa amepata king'ora cha kuzungusha kwa mkono, kilichoachwa tangu vita vya Hitla katika ghala moja kuukuu huko Msambweni. Kilikuwa chuma kizito chenye matundu ubavuni, na ndani nyigu walikuwa wamejenga. Mtu mwenye akili zake angekiacha hukohuko. Baba alikifunga nyuma ya baiskeli, akakisukuma hadi nyumbani, akayaloweka meno ya chuma ya king'ora kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria ya uji ya mama. Sufuria ya uji! Mama alipofoka, alijibu kwa upole wake ule wa kuudhi, "Nitaiosha." Hakuiosha.

Muadhini wetu alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, na masika mvua ikipiga makuti, nyumba za upande wa mashambani hazikusikia kitu. Basi mwezi wa Shaabani baba akasimama msikitini akatangaza kwamba Ramadhani hiyo watu watafuturu kwa king'ora: wakikisikia tu, wafungue. Ramadhani ikaingia, king'ora kimya. Kila siku msasa, kila siku grisi, na kila siku mimi, mtoto wa miaka tisa ninayefunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, nimeshikishwa nati kiganjani huku koo limenikauka. Akizungusha mkono wa king'ora, lile pangaboi la ndani lilikwama na kukohoa kama mbuzi. Wenzangu wa chuo cha Kurani walinitania, "Wee Mwanasha, king'ora cha babako kimeshikwa na mafua?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya ishirini na tatu baba aliniita. "Mwanangu, leo baada ya alasiri nitakijaribu. Pita nyumba kwa nyumba uwaambie ni jaribio tu, wasije wakafungua." Ebo! Mara tatu nilikuwa nimeshazunguka kijiji kizima na ujumbe huohuo, na mara zote tatu sauti haikutoka, watu wakanicheka. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimechoka naye. Nikaenda kuketi nyuma ya kisima, nikasuka ukili wa mkeka mpaka nikaona muda umetosha, nikarudi. "Nimewaambia," nikasema.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja, na wingu lilikuwa limefunga hata ungedhani magharibi imeingia. Baba akazungusha. Safari hii kikalia. Kilianza chinichini, kikapanda, kikapanda tena, mpaka kuku wakakimbilia uvunguni. Baba alipouachia mkono hakikunyamaza, maana chuma kile kikishashika kasi huendelea chenyewe, naye akawa anacheka kama mtoto na machozi yanamtoka. Mimi nilitimua mbio hadi kwa bibi, mama yake baba, nyumba ya pili. Nilimkuta ameshika kikombe, tende ameshaimeza. Bibi alikuwa mtu wa kujivunia saumu zake. Tangu usichana wake hakuwahi kufungua hata dakika moja kabla ya wakati. "Alhamdulillahi," akaniambia, "leo babako ametustiri." Nilisimama pale mlangoni, nikamwangalia akinywa. Kisha wingu likapasuka, na jua likatuwakia usoni.

Lahaula! Baada ya magharibi ya kweli watu walijaa uani kwetu. Mwalimu wa msikiti akasema kila aliyekula atalipa siku moja ya saumu. Bibi alikuwa akilia kimyakimya kwenye ncha ya leso yake. Mwalimu akamgeukia baba. "Sasa fundi, kwa nini hukutuma hata mtu mmoja wa kutuarifu?"

Baba alinitazama. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Nilipitiwa," akasema. "Kosa ni langu, niwieni radhi."

Bibi hakumsemesha hadi Idi, na kwa miaka watu walimwita Fundi Futari mbele ya wateja wake. Alikifungua king'ora nati moja moja, akakitia guniani. Nikangoja anigombeze. Nikangoja siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Wapi!

Siku hizi hapa Mwabungo kila simu inaadhini yenyewe, na vipaza sauti vya msikiti vinasikika hadi barabara kuu. Wajukuu wangu wanabishana juu ya dakika moja ya kufuturu, wakinikera nawakaripia papo hapo, mambo yanakwisha, tunakula pamoja. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakulitaja jambo lile hata mara moja, wala mimi sikuthubutu, mpaka tukamzika. Mtu gani huyo, jamani? Hata kofi moja alininyima. Kijiji kizima kililipa siku moja tu, kikamaliza. Mimi naikaribia miaka themanini, na sijui nimlipe nani.