Mahindi Niliyoyaosha

Mama alitunza mbegu yake ya mahindi juu ya moto. Kila baada ya mavuno alichagua mahindi yaliyojaa punje, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya mafiga mpaka moshi uyageuze meusi. Mbegu hiyo alipewa na bibi siku alipoolewa, nami ningepewa siku yangu.

Enzi hizo za Mwingereza, bwana shamba alitangaza maonyesho Njombe: kila kaya ilete kikapu cha mazao yake bora. Mama akasema atapeleka mbegu. Nilikuwa darasa la nne, ujuaji umenijaa, na masizi yale yalinitia aibu. Alipokwenda kutafuta kuni, nikabeba kikapu kizima hadi mtoni, nikayasugua mahindi yote kwa mchanga mpaka yakang'aa.

Aliporudi aliyatazama kwa muda mrefu. "Umeyaosha," alisema.

"Mzungu hataki masizi, mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Kesho yake tulitoka alfajiri, umande wa baridi ukituuma miguu. Uwanjani kulikuwa na madume ya ng'ombe yaliyochanwa manyoya, na viazi ambavyo kimoja kingelisha nyumba. Masista wa Uwemba walinionjesha jibini. Nikaitema nyuma ya hema. Mzungu aliyekuwa akikagua mazao alifika kwetu, akageuza hindi moja moja, akabandika utepe mwekundu wa ushindi kwenye kikapu chetu. Mama alicheka huku ameziba mdomo kwa khanga. Sikumwona tena akifurahi vile.

Nyumbani alitaka kuyarudisha juu ya moshi. Nikalia. Nilisema utepe utachafuka, yakae sebuleni wageni wayaone.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Yakaning'inia sebuleni mpaka mvua za kupandia. Mama alipoyashusha, unga ulimmwagikia miguuni. Fukusi, wadudu ambao moshi huwafukuza, walikuwa wameyala yote, wakatuachia maganda ya punje. Aliyapanda hivyo hivyo. Tulikwenda shambani kila asubuhi, na kila asubuhi tulikuta udongo mtupu.

Ndipo akachukua kikapu akaenda kwa jirani, mwanamke ambaye miaka yote alikuwa akija kwetu kuomba mbegu. Nilimfuata. Mama alipomwomba mbegu, jirani akashangaa katikati ya salamu.

"Kamwene, dada. Na yako je?"

"Panya," mama alijibu.

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilitamani kusema ukweli, lakini mdomo wangu uliojua kila kitu siku hiyo haukufunguka. Mpaka leo moyo unaniuma.

Miaka ikapita, nikaposwa na kijana wa Lyamkena. Siku ya kuondoka, mama aliniita jikoni, akanipa kikapu kile kile kimefunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mahindi meusi kwa moshi, ya uzao wa mbegu ya jirani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ya bibi yako sikuweza kukutunzia."