Sproketi Aliyoitaka Swabir

Pikipiki ya Matano ilikuwa kali, wallahi. Kutoka Bodo hadi Msambweni iliwaacha nyuma wenzake wote wa bodaboda, na mamake, Bi Hasina, alikuwa akipanda bila woga wowote, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja, akimhimiza mwanawe aongeze mwendo. Mama huyohuyo ndiye aliyekuwa akisema mbele ya watu, "Siku yangu ikifika, Matano ndiye atakayeshuka kaburini kunipokea. Swabir ana haraka, ataniangusha." Watu walikuwa wakicheka. Matano hakucheka, aliuchukua kuwa wasia.

Huyo Swabir ndiye kaka mkubwa, muuza machungwa pale Msambweni, na tusifichane, ni mtu wa kujipenda. Gari la kumteremshia machungwa kutoka Shimba Hills aliliona ghali, basi akamjia mdogo wake na maneno matamu.

"Badilisha sproketi ya nyuma, tia kubwa. Utapanda vilima na magunia yangu kama hukubeba kitu. Sisi ni damu moja, au sivyo?"

Matano akaenda kwa fundi Tembo. Fundi akaigeuza mkononi ile sproketi mpya, gurudumu la meno linalozungushwa na cheni, akamwambia waziwazi, "Hii ina meno mengi kuliko ya zamani. Nguvu ya kuvuta utapata, lakini mwendo utapungua. Kwenye lami injini italia mpaka ichoke, na usifike popote."

"Kaka kasema."

"Haya, bwana. Kaka kasema." Akaifunga, na cheni ndefu zaidi juu yake, maana ile ya zamani haikufika.

Kweli, kwa vilima na mzigo hakuna aliyemfikia. Lakini kwenye lami hata Bi Hasina alianza kumtania: "Mwanangu, hii ni pikipiki au mashine ya kusaga mahindi?"

Kisha mama akaugua. Asubuhi moja Matano alisema haendi popote, atakaa naye. Swabir akang'aka: "Si amekunywa uji? Nenda! Machungwa yataniozea huko!" Akaenda. Na hili ndilo linalomtafuna, kwamba aliambiwa nenda, naye akaenda.

Alikuwa Shimba Hills akiyafunga magunia simu ilipolia. Ni Esha, dada yao.

"Matano, mama katutoka. Swabir asema wanazika baada ya adhuhuri."

"Mwambie aningoje. Esha, nakuomba, mwambie aningoje!"

Aliyatupa magunia palepale. Njia ya vilima aliimaliza upesi, lakini alipoingia kwenye lami ya kwenda Lunga Lunga, pikipiki ikagoma. Haikuzimika, la. Ilipiga kelele, ikatetemeka, akaikaza mpaka mwisho, na mwendo ukabaki uleule wa kubebea machungwa. Malori yakampita. Bodaboda zilizopakia watu wawili wawili zikampita, vijana wakimpungia kwa kebehi. Aliyapungia magari yasimame, hayakusimama. "Twende, mwanaharamu wee! Twende!" alipiga ukelele, na machozi yakimjaa ndani ya helmeti. Adhana ya adhuhuri ilimkuta angali njiani.

Alipofika Bodo, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na dua imeshaombwa. Watu walikuwa wakijikung'uta. Swabir alikuwa na mchanga hadi magotini, maana yeye na mjomba wao ndio walioshuka.

"Kaka, hukuningoja."

"Maiti hacheleweshwi, Matano. Dini huijui?"

"Dakika chache tu, kaka! Nilikuwa nimeshafika Ramisi! Mama alisema ni mimi, na nyote mlimsikia!"

"Basi ungekuja mbio. Si una pikipiki?"

Matano angemweleza nini, habari ya meno na cheni, hapo juu ya kaburi la mamake? Swabir akamsogelea, akashusha sauti ili watu wasisikie.

"Na mzigo wangu uko wapi?"

"Nimeutupa."

"Wote?"

Matano alipiga magoti, akautia mkono kwenye ule udongo mbichi. "Mama, niwie radhi," akasema. Alipoinuka, watu walikuwa wamejipanga kuwapa mkono wa pole wafiwa. Akapeana mikono na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, akafika kwa Swabir aliyekwisha kuunyosha wake, akampita.