Shikamoo Zilizong'oa Gego

Kitabu changu cha tiba ya meno hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, na ndicho pekee kilichonifundisha. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya kijiji cha ujamaa, upande wa Mungaa. Siku hiyo mkubwa wangu alikuwa amekwenda Singida mjini kufuata dawa, akaniachia koleo.

Akaletwa mzee mmoja, shavu limevimba, siku tatu hajameza ugali. Gego la juu, la nyuma kabisa. Sindano ya ganzi aliistahimili, lakini kila koleo lilipogusa ulimi alijikokomoa kama anayetaka kutapika, machozi yakamtoka.

Naungama, hofu yangu ilizidi yake. Niliogopa kuvunja mzizi ukabaki ndani. Kitabu kilisema mgonjwa ainue mguu mmoja, akili ihamie huko. Akauinua. Akajikokomoa mguu ukiwa juu. Kitabu kilisema pia chumvi; nikamtia kwenye ncha ya ulimi.

“Mjukuu wangu,” akasema, “unaning'oa jino au unanipika?”

Nikaingiza koleo tena. Hapo mama mmoja akachungulia mlangoni. “Shikamoo babu.”

“A-aha-aaa,” mzee akaitikia marahaba, mdomo wazi. Koo likatulia tuli.

Nikatoka nje, nikawapanga wagonjwa wote wa kwenye benchi: waingie mmoja mmoja, wamwamkie mzee, pasiwe na kituo. Wakaingia, watu wazima na akili zao. Waliomaliza wakazunguka tena.

“Shikamoo babu.”

“A-aha-aaa.”

“Leo babu anakula shikamoo za mwaka mzima,” akasema mmoja.

“Wewe amkia, upite,” nikamwambia.

Gego likaanza kucheza. Nikalibana barabara. Ndipo akaingia mzee mwenye fimbo, kaka mkubwa wa mgonjwa, amekuja kumjulia hali. Huyo sikuwa nimempanga. Mgonjwa wangu asingeweza kumwamkia kaka yake akiwa ameketi, kichwa nyuma, mdomo wazi. Akasimama ghafla. Mimi, kwa woga, sikuachia koleo.

“Shikamoo kaka,” akasema, wazi kabisa, damu ikimchuruzika kidevuni.

“Marahaba. Nani amekupiga?”

Nikakimbilia dirishani na koleo. Gego zima, mizizi yote mitatu. Nililigeuzageuza mpaka mzee akaniomba pamba.

Kwenye daftari la wagonjwa niliandika “nimeling'oa”. Nikafuta. Nikaandika “limeng'oka”.